Stima Ndani ya Gari: Jinsi Soketi ya Nyumbani Inavyoungwa na Betri Pasipo Hatari

Mtu akisafiri siku hizi kutoka Emali kwenda Wote, au kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hata mji wa Kitui, huenda akaona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua walipokuwa vijana. Gari limesimama chini ya mwembe, kando ya soko. Injini imezimwa. Hakuna nguzo ya stima karibu, wala hakuna jenereta inayonguruma. Walakini ndani ya gari hilo kinyozi anakata nywele kwa mashine, simu za watu zimepangwa mstari zikichajiwa, na jioni taa zitawashwa na mwenye gari atapika, atakula na kulala humo humo. Kwenye ubavu wa gari, kwa ndani, imeshikizwa soketi ya mashimo matatu, ile ile iliyo katika nyumba za mjini.

Wako wanaokumbuka magari ya sinema yaliyozunguka sokoni katika miaka ya 1950. Magari hayo nayo yalikuwa na stima, lakini ilifuliwa na injini yenye kelele na kiu ya petroli. Gari la leo halina kelele, kwa kuwa stima yake hutoka katika betri, na betri hujazwa na jua au na injini ya gari wakati wa safari. Katikati ya betri na soketi kuna sanduku la chuma lisilozidi ukubwa wa mkate. Sanduku hilo huitwa inveta, maana yake kigeuzi cha umeme.

Chombo hiki chafaa sana katika nchi yetu. Kaunti ya Kitui ina kilomita za mraba 30,000 na kidogo, na katika sensa ya mwaka 2019 watu wake walikuwa 1,136,187. Watu wa Makueni walikuwa 987,653. Miji iko mbalimbali, na maboma mengi yako mbali na nguzo za stima. Mtu mwenye gari dogo na betri njema aweza kupeleka kazi yake kwa watu, badala ya kungoja watu waje kwake.

Lakini yatupasa kujua jambo moja kabla ya kushika bisibisi. Soketi haijui kama stima yake yatoka katika mtambo mkubwa wa mto Tana au katika betri iliyo chini ya kiti. Mkono wa mtoto ukigusa waya wenye moto, hautaona tofauti. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa betri ni ndogo, hatari nayo ni ndogo. Dhana hiyo si kweli, na katika makala hii twataka kueleza kwa nini.

STIMA MBILI ZISIZOFANANA

Betri ya gari dogo hutoa volti 12. Malori mengi hutumia volti 24. Stima ya betri hutiririka upande mmoja tu, kama maji ya mfereji, kutoka ncha ya chanya hata ncha ya hasi. Mkono mkavu ukigusa ncha zote mbili za betri ya volti 12, mtu hahisi kitu.

Stima ya nyumbani katika Kenya ni ya volti 240, tena haitiririki upande mmoja. Yaenda na kurudi, yaenda na kurudi, mara 50 katika kila sekunde. Stima hii ikipita katika mwili wa mtu yaweza kusimamisha moyo wake.

Kazi ya inveta ni kuchukua ile stima ya volti 12 iendayo upande mmoja, na kuifanya iwe ya volti 240 iendayo na kurudi. Basi mwenye gari aliyeweka inveta ana hatari mbili ndani ya nyumba moja. Upande wa betri, hatari ni moto wa kuunguza gari. Upande wa soketi, hatari ni kupigwa na umeme. Kila hatari ina kinga yake, na kinga ya moja haifai kwa nyingine.

Inveta zenyewe ni za namna mbili. Zile za bei ndogo hutoa stima inayoruka kama ngazi. Zile njema hutoa stima laini inayopanda na kushuka kama wimbi, sawa na ile ya Kenya Power. Taa na chaja nyingi huvumilia ile ya ngazi, lakini mota za mashine huweza kuvuma na kupata moto, na baadhi ya chaja huharibika. Mtu mwenye friji au mashine ya kazi heri anunue ile ya wimbi, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

PUNDA NA KIBUYU

Tufikiri habari ya kuchota maji, jambo ambalo kila mtu wa Ukambani alijua. Boma moja lina punda mwenye madebe makubwa. Boma la pili lina mtoto mwenye kibuyu kidogo. Maboma yote mawili yataka maji sawa. Punda atakwenda mtoni mara moja, na mtoto atakwenda mara 20. Mwishoni maji ni sawa, lakini njia ya mtoto imekanyagwa mara 20.

Volti ni kama ukubwa wa chombo cha kuchukulia. Ampea ni kama wingi wa safari. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, yaani kazi yote. Sasa, 12 ni sehemu ya 20 ya 240. Kwa hiyo kazi ile ile ambayo waya wa nyumbani huifanya kwa ampea chache, waya wa betri huifanya kwa ampea mara 20, hata na zaidi, kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza kidogo njiani.

Hebu tuhesabu. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi yake yote, upande wa soketi hutoa ampea 4 na kidogo tu. Waya wa milimita za mraba 1.5 watosha kabisa. Lakini upande wa betri, wati 1,000 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 83, na tukiongeza zile zinazopotea twafika karibu na ampea 100. Ukipitisha ampea 100 katika waya mwembamba wa nyumbani, ni kama kupitisha umati wa siku ya soko katika mlango wa kibanda. Waya hupata joto, ganda lake la plastiki huyeyuka, na moto huanza.

Kwa inveta ya namna hiyo waya wa shaba wa milimita za mraba 35 wafaa, nao uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu. Usidhani kwamba urefu ni neno dogo. Katika waya wa volti 240, volti moja ikipotea njiani hakuna ajuaye. Katika waya wa volti 12, volti moja ni sehemu ya 12 ya mali yote. Inveta ikiona volti zimeshuka mno hujizima kwa kudhani betri imekwisha, na mwenye gari huenda akanunua betri mpya bure, kumbe kosa lilikuwa la waya. Kwa hiyo weka inveta karibu na betri, na kama soketi yatakiwa iwe mbali, refusha ule waya wa volti 240.

FYUZI NA MAHALI PAKE

Katika magari karibu yote ya siku hizi bodi la gari limeungwa na ncha ya hasi ya betri. Maana yake ni kwamba chuma chote cha gari ni kama waya wa hasi. Waya wa chanya ukikwaruzwa na chuma mpaka ganda lake likatoboka, betri itamwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na waya utakuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Dereva hatakuwa na nafasi ya kutafuta spana.

Kinga yake ni fyuzi. Fyuzi huwekwa ili kulinda waya. Wako wanaodhani kwamba kazi yake ni kulinda inveta, na kwa sababu hiyo huiweka mwishoni mwa waya, karibu na inveta. Hapo haina faida, kwa kuwa waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Fyuzi iwe katika waya wa chanya, karibu na betri, umbali wa shubiri moja tu ikiwezekana. Kwa waya tuliotaja na inveta ya wati 1,000, fyuzi ya ampea 125 au 150 yafaa, ikiwa kitabu cha inveta hakisemi vinginevyo. Usiweke msumari wala waya wa shaba mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Tafuta kwanza sababu iliyoikata.

Waya upitapo katika tundu la chuma, uvishe mpira. Kipande cha tubu la baiskeli lililochakaa kitafaa kuliko kutoweka kitu. Na ncha za waya zisisokotwe kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Zitiwe vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa chombo chake, na nati zikazwe kwa spana.

PIMA MZIGO KABLA YA KUNUNUA

Betri huandikwa ubavuni kiasi chake. Tuseme imeandikwa volti 12 na saa-ampea 100. Ukizidisha, wapata saa-wati 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kunywewa mpaka mwisho. Ukitaka idumu miaka, tumia nusu tu. Basi unazo saa-wati 600.

Natuchukue mfano wa kinyozi wetu, naye yuko sokoni siku ambayo jua limefichwa na mawingu. Mashine yake hula wati 15, naye aitumia saa 6: hizo ni 90. Achaji simu 10, na kila moja ichukue 20: hizo ni 200. Taa mbili za wati 5 kwa saa 5 ni 50. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 3 ni 120. Jumla ni 460. Inveta hupoteza sehemu 15 kati ya 100, kwa hiyo betri itatoa 541 hivi. Bado tumo ndani ya 600, na kinyozi alala kwa amani.

Lakini amesahau kuzima inveta. Inveta iliyowashwa hula hata kama hakuna kitu kilichochomekwa. Ikila wati 10 kwa saa 10 za usiku, ni 100 nyingine. Sasa jumla ni 641, naye amepita mpaka wake akiwa usingizini. Akifanya hivyo kila juma, betri itakufa kabla ya wakati wake, naye atamlaumu mwenye duka.

Paneli ya jua ya wati 200, ikipata saa 5 hivi za jua kali, yaweza kurudisha saa-wati 700 baada ya kupoteza kwa joto na vumbi. Lakini kumbuka asubuhi za mwezi wa Julai katika vilima vya Ukambani, wakati mawingu hufunika mbingu mpaka adhuhuri. Mtu mwenye busara hupima mzigo wake kwa siku mbaya, kama vile mkulima apimavyo chakula cha ghalani kwa mwaka wa ukame.

Na vyombo vya kutia joto, kama birika la umeme, pasi na jiko, si vya betri ndogo. Birika la wati 2,000 litataka karibu ampea 200 kutoka betri. Chemsha chai kwa gesi au kwa makaa, nje ya gari.

BETRI YA KUWASHIA NA BETRI YA KAZI

Betri iliyokuja na gari imeundwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiinywa polepole usiku kucha, siku baada ya siku, huharibika upesi. Tena, hebu fikiri: umelala katika gari mbali na mji, mtoto ameugua saa nane za usiku, nawe wageuza ufunguo na injini haiitiki, kwa sababu betri imekwisha kwa televisheni.

Kwa hiyo weka betri ya pili kwa ajili ya inveta, iliyoundwa kwa kazi ya polepole. Betri hizi mbili huunganishwa na chombo kinachofungua njia injini inapokwenda na kuifunga injini inapozimwa, ili ile ya kuwashia isiguswe. Waya unaoziunganisha nao utiwe fyuzi katika kila mwisho, kwa kuwa una betri pande zote mbili.

KUUNGA SOKETI YENYEWE

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuchomeka waya wa kurefushia katika soketi iliyo usoni mwa inveta. Kwa mtu asiye fundi, njia hii yatosha, na heri aishie hapo.

Ya pili ni kushikiza soketi ya kudumu ukutani mwa gari na kuiunga na inveta kwa waya. Inveta nyingine zina ncha za skrubu kwa kazi hiyo. Nyingine huungwa kwa plagi. Kwanza zima inveta, kisha ondoa waya wa hasi katika betri. Twaanza na wa hasi kwa sababu spana ikiteleza na kugusa bodi la gari, hakuna cheche. Baada ya hapo ngoja dakika kadhaa, maana ndani ya inveta mna vihifadhi umeme ambavyo havimwagiki mara moja. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho.

Tumia waya wa nyuzi nyingi laini, wenye nyaya tatu ndani ya ganda moja. Waya mgumu wa shaba moja, ule wa kujengea nyumba, haufai garini, kwa kuwa mtikisiko huuvunja ndani ya ganda bila kuonekana. Nyuma ya soketi kuna herufi tatu. Waya wa kahawia ni wa moto, nao huingia penye L. Waya wa buluu ni wa nyutro, nao huingia penye N. Waya wa kijani wenye mstari wa manjano ni wa ardhi, nao huingia penye E. Katika nyaya za zamani moto ulikuwa mwekundu, nyutro mweusi na ardhi kijani. Kati ya inveta na soketi weka breka ikatayo nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro. Kwa inveta ya wati 1,000, breka ya ampea 6 yatosha. Pamoja nayo weka swichi ya kinga, ile ikatayo umeme yenyewe mtu anapopigwa.

WAYA WA ARDHI: MAHALI WENGI WANAPOKOSEA

Hapa twaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa hata mafundi wazuri wa nyumba hukosea.

Nyumbani, waya wa nyutro wa Kenya Power umefungwa na ardhi. Basi waya wa moto ukigusa chuma cha friji, umeme hupata njia ya kurudi kwa waya wa ardhi. Swichi ya kinga hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona kwamba sehemu 30 tu kati ya 1,000 za ampea moja zimepotea njia, hukata mara moja, kabla moyo wa mtu haujadhurika.

Katika gari hakuna nguzo wala transfoma, nayo magurudumu ni ya mpira. Inveta nyingi hutoa nyaya mbili ambazo hazikufungwa na kitu chochote. Hakuna nyutro wa kweli. Nyaya zote mbili zaelea. Wengine husema, “Basi ni salama, maana umeme hauna njia ya kurudi.” Ni kweli kwa kosa la kwanza. Waya mmoja ukigusa bodi la gari, hakuna linaloonekana. Hakuna cheche, wala swichi haikati, na mwenye gari hajui. Lakini tangu saa hiyo gari lake limekuwa kama nyumba yenye mlango mmoja uliovunjwa. Siku mtu atakapogusa ule waya wa pili, hali mguu wake uko juu ya chuma, umeme utapita katika mwili wake. Tena swichi ya kinga huenda isikate, kwa maana umeme wote unaokwenda hurudi kupitia swichi hiyo hiyo, nayo haioni kwamba kuna uliopotea njia.

Kwa sababu hiyo inveta nyingi njema zina kiungo kinachofunga nyutro na chuma cha sanduku lake, na sanduku hufungwa na bodi la gari kwa waya mnene. Hapo ndipo swichi ya kinga hufanya kazi kama nyumbani. Lakini tahadhari! Si kila inveta yaruhusu jambo hilo. Ziko, hasa za bei ndogo, ambazo nyaya zake zote mbili zina moto. Ukifunga mmoja na bodi, inveta huungua papo hapo. Jibu limo katika kitabu cha inveta. Kama kitabu hakisemi, usikisie. Mwulize muuzaji, au nunua inveta ambayo kitabu chake kinasema.

Na jambo lingine. Swichi ya kinga ina kibonye cha kuijaribia. Kibonyeze kila mwezi. Lakini usidanganyike: kibonye hicho chaonyesha tu kwamba swichi yenyewe ni nzima. Hakionyeshi kwamba nyutro imefungwa na bodi. Swichi yaweza kukata vizuri kwa kibonye, na isikate siku ya hatari. Kujua hilo kwahitaji fundi mwenye vipimo.

GARI LIKIRUDI NYUMBANI

Mwenye gari akirudi bomani ambako kuna stima ya Kenya Power, na stima ikapotea usiku, hushawishika kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, ili achomeke upande mmoja katika soketi ya gari na wa pili katika soketi ya nyumba, na nyumba yote ing'ae. Usifanye hivyo kamwe. Kwanza, meno ya plagi iliyo mkononi mwako tayari yana moto. Pili, stima ya nguzo ikirudi ghafla itagongana na ile ya inveta, na inveta itakufa. Tatu, umeme wako waweza kutoka nje hata kwenye nguzo. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ipunguzavyo volti 11,000 kuwa 240, ndivyo iwezavyo kupandisha 240. Fundi aliyepanda nguzo akijua kwamba laini imezimwa, aweza kukuta kifo juu yake, nacho kimetoka katika gari lako.

Atakaye kulisha nyumba kwa inveta na aweke swichi ya kubadilisha, ambayo haiwezi kufungua njia mbili kwa wakati mmoja, nayo iwekwe na fundi.

BARABARA, VUMBI NA JOTO

Nyumba haitikisiki, lakini gari katika njia ya mawe hutikisika kutwa. Skrubu iliyokazwa leo hulegea baada ya mwezi. Skrubu iliyolegea hupata joto, na joto huilegeza zaidi. Kila mwezi gusa kila kiungo, betri ikiwa imeondolewa, na ukaze. Ukiona plastiki iliyobadilika rangi, au ukisikia harufu ya kuungua, usitumie mpaka umepata sababu.

Inveta ina feni na matundu ya kupumulia. Usiifunike kwa nguo wala magunia ya ndengu. Futa vumbi mara kwa mara. Betri ya asidi ijazwapo hutoa hewa inayoweza kulipuka; basi iwe na tundu la kutolea hewa nje ya gari, na inveta isikae juu yake.

FUNDI NA SHERIA

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ijulikanayo kama EPRA. Mamlaka hiyo hutoa leseni kwa mafundi wa stima na wa sola. Msomaji ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe leseni kabla hajamlipa, na fundi wa kweli hatakasirika.

Si kila kazi yahitaji fundi. Kupima mzigo, kuchagua betri, kufuta vumbi, kukaza nati, kubonyeza kibonye: hayo ni ya mwenye gari mwenyewe. Lakini kuunga ile soketi ya kudumu na kufunga nyutro ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Gharama ya siku moja ya fundi ni ndogo kuliko bei ya betri, na haifai hata kulinganishwa na bei ya gari, wala na uhai wa mtoto aliyelala ndani yake.

Basi ukitaka stima katika gari lako, fuata taratibu hii: pima mzigo kwanza, kisha nunua betri, waya mnene na mfupi kwa betri, fyuzi shubiri moja kutoka kwenye chanya, waya laini wa nyaya tatu kwa soketi, swichi ya kinga, na jibu la hakika juu ya waya wa ardhi, lililosomwa kitabuni na kuthibitishwa na fundi. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika gari lenye inveta, ufa wenyewe hauonekani kwa macho, na ndiyo sababu yatupasa kuuziba kabla ya safari.